Jinsi ya kuunganisha huduma ya tiba shufaa ya Kanda ya Ziwa na hospisi ya ng'ambo

Kabla ya kuandika barua pepe hata moja kwenda ng'ambo, chukua daftari, keti na wauguzi wako pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na mwandike yaliyowapata wagonjwa wenu wa miezi mitatu iliyopita, mmoja baada ya mwingine: nani alikosa morfini, dawa ya maumivu makali, na kwa siku ngapi, nani hakutembelewa kwa sababu boti haikuwa na mafuta, nani alirudishwa kutoka hospitali ya rufaa bila karatasi ya kueleza ugonjwa wake, na nani alifariki baada ya familia yake kuuza ng'ombe wa mwisho ili kulipia matibabu ambayo hayangemponya. Daftari hilo ndilo litakaloongoza barua zenu, bajeti yenu na ripoti zenu. Nimeshuhudia maombi mengi yakianza na ramani ya jengo, na katika hayo machache sana ndiyo yaliyomfikia mgonjwa aliyelala kwenye mkeka wake kijijini.

Maelezo haya ninawaandikia wenye zahanati, vituo vya afya, hospitali za wilaya, parokia, misikiti na vikundi vidogo vinavyotoa tiba shufaa majumbani, yaani huduma ya kupunguza maumivu na kumtunza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, katika mikoa inayozunguka ziwa letu la Victoria. Wagonjwa wengi wa saratani katika mikoa hii hupelekwa Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyo juu ya kilima jijini Mwanza, na wengi hufika wakiwa wamechelewa: akina mama wenye saratani ya shingo ya kizazi, wanaume na wanawake wenye saratani ya umio, watoto waliovimba taya kwa uvimbe wa Burkitt, na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliopata saratani ya Kaposi. Hospitali hufanya yanayowezekana, kisha mgonjwa hurudi kwao Ukerewe, Kome, Maisome, Magu au Geita. Maumivu hurudi naye, na kuanzia hapo kazi inakuwa ya kwenu.

Mtafute aliye karibu kabla ya aliye mbali

Watu wakisikia neno ushirikiano wa kimataifa, macho yao huelekea Ulaya na Marekani. Ninashauri muanze kutazama ng'ambo ya ziwa. Hospisi, yaani taasisi ya tiba shufaa, ya kwanza barani Afrika ilianzishwa Zimbabwe mwaka 1979, Nairobi ikapata yake mwaka 1990, na mwaka 1993 daktari Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, ambako morfini ya kunywa ilianza kuchanganywa kwa gharama ndogo na kupelekwa hadi nyumbani kwa mgonjwa. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni zake ili wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu waweze kumwandikia mgonjwa morfini wao wenyewe, kwa kuwa madaktari hawakutosha. Watu waliopitia njia hiyo wanajua maana ya kuwa na muuguzi mmoja kwa vijiji kumi, kuhifadhi dawa katika nyumba ya udongo, na kuzungumza na familia inayoamini kwamba mgonjwa amerogwa. Muuguzi wenu anaweza kupanda basi Mwanza, akapita Bukoba na Mutukula, akafika Kampala na kujifunza kwa macho yake kwa nauli isiyofika hata sehemu ndogo ya gharama ya tiketi moja ya ndege kwenda London. Kampala pia ndiko yalipo makao ya Shirikisho la Tiba Shufaa Afrika, APCA, lililoanzishwa mwaka 2004, ambalo ni mahali pazuri pa kuulizia. Hapa nyumbani, ulizeni pia walioanza mapema, kama vile hospitali za Selian mkoani Arusha na Muheza mkoani Tanga, na Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam.

Baada ya hapo, mshirika wa mbali ana nafasi yake, na nafasi hiyo ni kubwa. Hospisi za Uingereza zimekua kutokana na kazi ya Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, na nyingi kati yake huendeshwa kwa michango ya watu wa mtaani, maduka ya nguo kuukuu na wafanyakazi wa kujitolea. Kwa hiyo wanafahamu vizuri namna ya kutafuta fedha kwa wananchi wa kawaida, elimu ambayo sisi tunaihitaji kuliko tunavyokiri. Nchini Marekani, mfuko uliojulikana kwanza kama FHSSA ulianza mwaka 1999 kuziunganisha hospisi za huko na za Afrika mbili mbili kama pacha, na kazi hiyo baadaye ikaendelezwa kwa jina la Global Partners in Care. Majimbo ya Kanisa, vyuo vya uuguzi na Watanzania wanaoishi nje ni milango mingine inayofunguka haraka kuliko watu wanavyodhani.

Mkipata jina la taasisi, ihakikini kabla ya kuipa taarifa zozote. Asasi za hisani za Uingereza na Wales zimo katika rejista ya wazi inayosomeka bure kwenye intaneti pamoja na hesabu zake, na za Marekani huwasilisha taarifa ya fedha ya kila mwaka ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Anayewaomba mtume kwanza "ada ya kufungua faili" ni tapeli, hata kama barua yake ina nembo nzuri na mihuri mitatu.

Nini cha kuomba

Nitaeleza nyumba moja, kwa sababu kila ninapoandaa bajeti huirudia akilini. Ni Ukerewe, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Nansio. Bibi mwenye nyumba alikuwa akimuuguza binti yake mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Nilimsalimu, "Shikamoo, bibi," akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu, jana tumelala." Akafungua pindo la kitenge akatoa chupa ya plastiki yenye morfini, na bomba la sindano lisilo na sindano, ambalo muuguzi wetu alikuwa amelifunga plasta nyeupe mahali pa kukomea dozi, kwa kuwa bibi hasomi namba. Akavuta dawa hadi kwenye plasta, akainua bomba kuelekea mwanga wa mlango kuhakikisha hakuna mapovu, kisha akamnywesha binti taratibu pembeni mwa shavu. Alinieleza kwamba ya usiku huvuta mara mbili ili mgonjwa asiamshwe, na kwamba ile dawa ya kulainisha choo hampi akiwa anaharisha. Hakukosea hata jambo moja.

Hesabuni kilichomfikisha bibi huyo hapo. Kuna unga wa morfini uliochanganywa na mfamasia, chupa, bomba la sindano, kipande cha plasta, mafuta ya pikipiki, nauli ya kivuko, na muuguzi aliyefunzwa ambaye alirudi mara ya pili na ya tatu kuangalia kama dozi inatosha. Hayo ndiyo ya kuomba. Ni mambo madogo yanayojirudia kila wiki, na kwa bahati mbaya ndiyo ambayo wafadhili wengi huyaona hayana mvuto, kwa sababu hayapigiki picha na hayaandikwi jina ukutani. Kazi ya barua yenu ni kumfanya msomaji wa mbali aone thamani ya lita ishirini za petroli kama mnavyoiona ninyi. Mwandikieni safari moja kamili: saa mlizotoka, kivuko mlichokisubiri, nyumba tatu mlizofika na ya nne mliyoshindwa kufika, na kilichotokea kwa mgonjwa wa nyumba ya nne.

Kwa upande wa visiwa, wekeni maboya ya kujiokolea katika bajeti ya kwanza kabisa. Muuguzi anayevuka kwa mtumbwi wa injini wakati wa upepo wa kusi hastahili kuombwa ajitolee maisha yake.

Liko jambo moja ambalo lazima mlieleze mapema, kwa sababu wageni wengi hawalijui: morfini haiji katika begi la mgeni. Kwa Mkataba wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961, kila nchi hupeleka makadirio ya mahitaji yake ya mwaka kwa bodi ya kimataifa inayodhibiti dawa hizo, na hakuna kiasi kinachovuka mpaka bila kibali cha nchi inayotoa na cha nchi inayopokea. Mgeni akiibeba kwa nia njema, atakamatwa, nanyi mtapoteza jina. Mshirika anaweza kusaidia kwa njia nyingine: kugharamia mafunzo ya mfamasia, kabati la chuma lenye kufuli mbili, daftari la dawa zinazodhibitiwa, chupa na mabomba ya sindano. Upatikanaji wa dawa yenyewe utapitia hospitali iliyoidhinishwa na serikali, na kwa hiyo Mganga Mkuu wa Wilaya na mfamasia wa wilaya wanapaswa kuwa wenzenu tangu siku ya kwanza, wakiwa wameisoma barua yenu kabla haijatumwa.

Namna ya kukataa msaada

Sehemu hii ni ngumu kwetu kimila, maana anayekuletea zawadi harudishwi mkono mtupu wala hakataliwi mlangoni. Hata hivyo, kukataa ni lazima mjifunze. Kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi kilipokea kontena kutoka Marekani lililojaa vitanda vya umeme vya hospitali. Vilikuwa vimetengenezwa kwa volti 120, wakati umeme wetu ni wa volti 230, na wodi yenyewe ilipata umeme kwa saa chache. Chini ya vitanda kulikuwa na maboksi ya vidonge, vingine vikiwa vimebakiza wiki sita kuisha muda wake. Tulilipa gharama za bandari na usafiri kutoka fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya ziara za nyumbani, na kwa majuma mengi hatukutoka kwenda kwa wagonjwa. Waliotuma walituma kwa upendo. Kosa lilikuwa letu kwa kuwa hatukuthubutu kusema kwamba hatuvihitaji.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa iko upande wenu, na inaweza kutajwa kwa adabu. Dawa iwe imeombwa na anayepokea, iwe katika orodha ya dawa muhimu ya nchi yake, iwe na walau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake inapowasili, iandikwe kwa lugha inayoeleweka, na isiwe masalia yaliyorudishwa na wagonjwa. Kwa Tanzania, dawa na vifaa tiba vya msaada huhitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kabla ya kusafirishwa, nayo ina ofisi ya kanda hapa Mwanza. Barua ya kukataa inaweza kusomeka hivi: "Tunawashukuru sana kwa moyo wenu. Kwa sasa vifaa hivyo hatuna namna ya kuvitumia wala kuvitunza, na miongozo ya misaada ya dawa haituruhusu kupokea dawa zilizobakiza chini ya mwaka mmoja. Tungefurahi kama thamani hiyohiyo ingeelekezwa kwenye usafiri wa wauguzi, ambao kwa mwezi huu umepungukiwa." Mshirika wa kweli ataheshimu jibu hilo. Akikasirika, mmeokoa miaka kadhaa.

Hati ya makubaliano na fedha

Hati iwe fupi na iwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya mshirika, ili hata mjumbe wa kamati ambaye hakusoma sana aweze kuuliza maswali. Iseme nani anafanya nini, kwa muda gani, fedha zinapitia akaunti ipi, nani wanatia saini, ripoti inatoka lini, na ushirikiano unavunjwaje. Kipindi cha miaka mitatu kinafaa kwa kuanzia: mwaka mmoja hautoshi hata kufahamiana, na ahadi ya miaka kumi huandikwa na watu ambao hawatakuwepo kuitimiza. Kama ninyi ni asasi isiyo ya kiserikali, hakikisheni usajili wenu chini ya sheria ya mwaka 2002 uko hai na ada imelipwa. Kama mko chini ya hospitali au jimbo, hati isainiwe na mwenye mamlaka, si na muuguzi mwenye bidii ambaye kesho anaweza kuhamishwa.

Fedha ziingie katika akaunti ya peke yake yenye watia saini wasiopungua watatu, na pasiwe na wawili kati yao wa familia moja. Andikeni kiasi kilichotumwa, kiasi kilichofika, na kiwango cha kubadilishia fedha cha siku hiyo, kwa sababu mahali hapo ndipo maswali ya wafadhili huanzia. Kila safari ya bodaboda iwe na hati ya malipo iliyosainiwa au kuwekwa dole gumba. Msikubali fedha ya nje itumike kumwongezea mshahara mtu mmoja huku wenzake wanaofanya kazi ileile wakibaki na posho ya kawaida. Nimeona kikundi kizuri kikisambaratika kwa jambo hilo moja. Sehemu fulani ya gharama itoke hapahapa, hata ikiwa ndogo: jumuiya zinaweza kuchangia sabuni na unga, wavuvi wa mwaloni wanaweza kutoa nafasi katika boti zao siku ya gulio. Mchango huo huwa mkononi mwenu hata fedha ya ng'ambo inapochelewa.

Wageni, picha na siri za wagonjwa

Daktari au muuguzi wa kigeni hana ruhusa ya kutibu nchini kwa sababu tu amefika na shahada yake. Anahitaji usajili wa muda wa baraza la taaluma yake na kibali cha kufanya kazi, na taratibu hizo zianze miezi kadhaa kabla ya safari. Asiyekuwa navyo anaweza kukaa na wauguzi wenu, kujadiliana nao, kufundisha darasani na kujifunza. Napendelea ziara za watu wawili kwa majuma matatu kuliko za watu kumi na wawili kwa siku tano, kwa kuwa kundi kubwa humaliza petroli, hujaza ua wa mgonjwa na kumfanya aone aibu katika nyumba yake mwenyewe. Na ziara ziende pande zote mbili. Muuguzi wetu aliyezoea kukaa kwenye kigoda na kumsikiliza mgonjwa pamoja na ukoo wake wote ana la kuwafundisha wenzake wa nchi ambazo mgonjwa hufa akiwa na mtu mmoja pembeni. Hilo liandikwe katika hati kama sehemu ya makubaliano, ili asiende kama mtalii wa kuonyeshwa majengo.

Kuhusu picha, sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inadhibiti kupelekwa kwake nje ya nchi. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mgonjwa aliyedhoofu, ambaye dawa yake inatoka kwenu, hana uhuru kamili wa kusema hapana. Kwa hiyo sisi tuliamua kwamba picha za wagonjwa hazitumwi kabisa. Tunatuma picha ya njia iliyofurika, ya kivuko, ya mikono ikipima dawa, na hadithi isiyo na jina wala kijiji. Mshirika wetu alilalamika mwanzoni kwamba wachangiaji wake wanataka kuona nyuso; tulimuuliza kama hospisi yake hutundika dukani picha za wagonjwa wake wanaokaribia kufa, na mjadala ukaishia hapo.

Mawasiliano na ripoti

Pangeni simu ya video mara moja kwa mwezi, siku isiyobadilika. Mkumbuke kwamba wenzetu hurudisha na kusogeza saa zao kwa majira: saa sita mchana ya Uingereza ni saa tisa alasiri ya Mwanza wakati wa baridi kwao, na saa nane mchana wakati wa kiangazi chao; na saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi na moja jioni kwetu au saa kumi, kwa utaratibu huohuo. Andaeni mambo matatu ya kuzungumza na mengine yaende kwa barua. Msizoee kuwaambia kwamba mambo ni mazuri wakati si mazuri. Tabia hiyo ya kuficha shida mbele ya mgeni ndiyo inayofanya shida ijulikane ikiwa imekwisha kuwa deni.

Ripoti ya robo mwaka isizidi kurasa mbili. Muhimu kuliko yote ni namba tatu: wagonjwa waliotembelewa, siku ambazo dawa ya maumivu haikuwepo kabisa, na wagonjwa ambao maumivu yalishuka kati ya ziara ya kwanza na ya pili. Kwa kupima maumivu sisi hutumia mkono: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, na vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Hata mzee asiyejua kusoma huonyesha kwa hakika, na muuguzi huandika namba hapohapo.

Mwisho wa ushirikiano upangwe mkiwa bado marafiki. Miezi sita kabla ya hati kuisha, andikeni orodha ya wagonjwa wote walio hai, na mbele ya kila jina muandike morfini yake itatoka kituo gani baada ya siku ya mwisho, nani ataipeleka, na kwa usafiri wa nani. Pelekeni nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa mshirika, na msikubali hati ifungwe wakati mbele ya jina lolote bado pako wazi.